Sidi Mubarak Bombay: Mtu wa kazi aliyepita Karagwe na kulivuka bara zima kwa miguu

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

NOVEMBA 25, 1861, vilima vya Bweranyange, vilivyoko katika Wilaya ya Karagwe ya leo mkoani Kagera, vilisikika vikirudisha mwangwi wa bunduki. Haikuwa vita. Ulikuwa ni msafara kutoka pwani, uliotembea zaidi ya mwaka mmoja, ukipiga salamu nje ya ikulu ya Omukama Rumanyika Orugundu.

Vitabu vya historia vimezoea kuwataja Waingereza wawili waliokuwamo katika msafara huo, John Hanning Speke na James Augustus Grant. Hata hivyo, mtu aliyetangulia mbele ya wapiga bunduki wale, aliyewaandikisha kazi Zanzibar, kuwagawia posho, kuamua magomvi yao na kupeleka maneno ya wakubwa wake hadi kwa wenyeji, alikuwa Myao mfupi wa kimo, mwenye umri wa miaka 40 hivi, aliyejulikana kwa jina la Sidi Mubarak Bombay.

Wanaofuatilia michezo wanalifahamu vyema kundi la wachezaji wa kulipwa wasiotajwa sana, ambao leo wako timu hii na mwakani wako timu ile, wakitafutwa kila mara kwa sababu kazi wanaijua, na wakitupiwa lawama kila mara timu inapofungwa. Katika mpira wa magongo wa kwenye barafu, unaopendwa sana Canada na Marekani, wachezaji wa aina hiyo wengi hutambulika kwa mapengo ya meno.

Afrika Mashariki ya karne ya 19 nayo ilikuwa na watu wake wa namna hiyo, na uwanja wao ulikuwa njia ya misafara. Bombay alikuwa miongoni mwao, na pengo la meno alikuwa nalo. Katika muda wa miaka 19, kuanzia 1857 hadi 1876, aliingia mkataba katika misafara minne mikubwa, chini ya mabwana waliotofautiana tabia na hata kuchukiana wenyewe kwa wenyewe.

Kijana wa Kiyao aliyeuzwa Kilwa

Bombay alizaliwa karibu mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kwenye maeneo ambayo leo yanapakana kati ya Tanzania na Msumbiji. Mama yake alifariki akiwa bado mtoto mdogo.

Akiwa na umri wa miaka 12 hivi, wafanyabiashara kutoka Kilwa walifika kijijini kwao wakiwa na bunduki. Watu hao hawakuwa wageni kabisa, kwani walikwishakuja kabla wakakopesha nguo na bidhaa nyingine. Safari hii walikuja kudai deni, na lilipokosekana la kulipa, walilipwa kwa watu. Kijiji kikasambaratika, waliotoroka wakatoroka, na kijana huyo akawa miongoni mwa waliofungwa kamba na kuswagwa hadi pwani.

Kutoka Kilwa alipelekwa Zanzibar, akauzwa sokoni, na kutoka hapo akavushwa bahari hadi India. Huko ndiko alikolipata jina ambalo dunia inamjua nalo. Sidi ni jina ambalo watu wa Bara Hindi waliwaita watu wenye asili ya Afrika, na Bombay ni mji ambao siku hizi unaitwa Mumbai.

Alimtumikia bwana wake huko kwa miaka mingi, hadi bwana huyo alipofariki na yeye akawa huru. Aliondoka India akiwa na kitu kimoja chenye thamani kubwa, ingawa wakati huo hakujua kwamba ni mtaji. Kitu hicho kilikuwa lugha ya Kihindustani.

Aliporudi Zanzibar alijiunga na jeshi la Sultani, akapangiwa kituo cha Chogwe karibu na Mto Pangani, ambako askari wengi walikuwa Wabaluchi. Februari 1857, Richard Burton na Speke walifika kituoni hapo wakielekea milima ya Usambara. Speke alikuwa ofisa wa jeshi la Waingereza nchini India na Kiswahili hakukijua. Ndani ya ngome ile ndogo akakuta Mwafrika anayezungumza lugha ileile ambayo yeye alizoea kuwaamrisha nayo askari wake. Makubaliano hayakuchukua muda mrefu.

Ndivyo mtu aliyekuwa ameuzwa mara mbili alivyoanza kuuza kazi yake mwenyewe, kwa bei iliyokubaliwa na kwa muda uliokubaliwa. Tofauti hiyo ni kubwa, na ni vigumu kuyaelewa maisha yake bila kuizingatia.

Mkataba wa kwanza

Msafara wa Burton na Speke uliondoka pwani katikati ya mwaka 1857, ukafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba mwaka huo, na Ujiji Februari 1858. Bombay alianza kama mbeba bunduki wa Speke. Kabla ya safari kwisha alikuwa mkalimani, mtumwaji, mnunuzi wa vyakula na msuluhishi. Burton, mtu ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alimpa sifa ya uchapakazi na uaminifu.

Burton alipobaki Tabora akiugua, Speke alichukua watu wachache na kwenda kaskazini. Agosti 3, 1858 walifika kwenye ukingo wa ziwa kubwa, mahali ambapo leo ni Mwanza. Bombay alikuwapo. Ziwa hilo wenyeji walikuwa nalo tangu enzi, wakivua samaki na kuvukia kwa mitumbwi, lakini Speke aliliita kwa jina la malkia wake, Victoria, na akaamua papo hapo kwamba ndilo chanzo cha Mto Nile.

Burton hakukubali. Ugomvi uliozuka kati yao uliendelea hadi Speke alipofariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, katika ajali ya mawindo nchini Uingereza, siku moja kabla ya mdahalo uliokuwa uwakutanishe mbele ya wasomi. Bombay, aliyewahudumia wote wawili, hakuitwa na yeyote kutoa ushahidi juu ya alichokiona.

Njia ya kwenda Karagwe

Speke aliporudi Zanzibar mwaka 1860, safari hii akiwa na Grant, Bombay ndiye aliyeanza kumtafutia watu. Msafara uliondoka Bagamoyo mwanzoni mwa Oktoba mwaka huo.

Kazi ya mkuu wa msafara haikuwa ya kutembea mbele na kubeba bendera. Kila mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili au karibu na hapo, yaani zaidi ya kilo 30, na mizigo hiyo ya merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani. Mpagazi akitoroka usiku, mzigo wake unabaki chini, na asubuhi ni juu ya mkuu wa msafara kutafuta bega jingine. Shanga za rangi inayopendwa Unyamwezi zikifika nchi isiyozitaka, msafara unalala na njaa. Juu ya yote hayo kulikuwa na hongo, kodi ya kupita katika nchi ya watu, ambayo haikuwa na kiwango maalumu na iliweza kujadiliwa kwa wiki nzima.

Mwaka 1861 ulikuwa mbaya. Uzinza na Usui, nchi zilizo kusini mwa Karagwe, ziliukamua msafara huo kwa hongo hadi ukakaribia kukauka. Speke aliugua, wapagazi wakatoroka, na waliobaki wakaanza kunong'ona kwamba mbele kuna kifo. Katika hali hiyo ndipo ulipopamba moto ushindani kati ya Bombay na Baraka, mtu mwingine mwenye uzoefu mkubwa aliyeona kuwa yeye ndiye anayestahili kuongoza. Baraka alikuwa fundi wa maneno na mwenye kujua kuzungumza na watawala. Bombay alikuwa mzito wa ulimi, mpenda pombe, mwepesi wa kusahau mahali alipoweka vitu. Lakini ilipofika suala la kuendelea mbele au kurudi nyuma, Baraka alisita na Bombay hakusita. Speke akamchagua asiyesita.

Wakati huo Karagwe ilikuwa ni ufalme uliotawala eneo ambalo leo limegawanyika katika wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, iliyomegwa mwaka 2012. Watu wake ni Wanyambo, na watawala wake walitoka katika ukoo wa Abahinda. Utajiri ulihesabiwa kwa ng'ombe wenye pembe ndefu, na ikulu ya Bweranyange ilihifadhi ngoma na vyombo vya chuma vya kifalme vilivyofuliwa kwa ustadi ambao hadi leo huwashangaza wataalamu wa mambo ya kale.

Msafara ulipovuka mpaka na kuingia Karagwe, mambo yaligeuka kama mtu aliyetoka juani na kuingia kivulini. Hapakuwa na hongo. Rumanyika alikuwa ameagiza kwamba wageni wapewe chakula katika vijiji wanavyopitia. Kwa mkuu wa msafara aliyetoka kupigania kila mkungu wa ndizi kule Usui, hii ilikuwa nafuu ambayo huenda Waingereza wale wawili hawakuielewa kwa ukamilifu.

Jambo jingine liliwangoja Bweranyange. Rumanyika aliwasalimu wageni wake kwa Kiswahili kizuri. Biashara ya pembe za ndovu ilikuwa imewaleta watu wa pwani nchini mwake miaka mingi kabla, nao walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na ikulu. Mfanyabiashara mkubwa wa Tabora, Musa Mzuri, alikuwa amewahi kumsaidia Rumanyika katika ugomvi wa kugombea kiti cha enzi dhidi ya ndugu yake. Kwa hiyo Omukama aliijua pwani, aliijua bei ya bunduki, na alijua namna ya kumuuliza mgeni maswali.

Kwa kawaida maneno ya Speke yalipita ngazi mbili au tatu kabla ya kumfikia mtawala. Yeye alisema kwa Kihindustani, Bombay akageuza kwa Kiswahili, na mkalimani mwingine akageuza kwa lugha ya nchi. Karagwe ngazi moja ilipungua. Kati ya mzungu na mfalme palibaki mtu mmoja tu, na mtu huyo ni yule aliyewahi kuuzwa kufidia deni la nguo.

Msafara ulikaa Bweranyange kwa wiki sita na ushei. Speke alikwenda kuwinda vifaru, akauliza habari za milima ya mbali upande wa magharibi na mito inayoingia ziwani, na kuwapima kwa futi wake wa kifalme walioneneshwa kwa maziwa. Kurasa hizo za vipimo zilisomwa sana Ulaya, pengine kuliko zilivyostahili. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1861, Rumanyika alichinja ng'ombe kwa ajili ya wageni wake, baada ya kusikia kwamba kwao siku hiyo huliwa nyama.

Ni Karagwe pia ambako kazi iligawanywa. Baraka alitumwa kupitia Bunyoro kwenda kumtafuta John Petherick, Mwingereza aliyetarajiwa kuleta mashua kwa njia ya Mto Nile kutoka kaskazini. Grant, ambaye mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya na hakuweza kutembea, aliachwa Bweranyange chini ya uangalizi wa Rumanyika, akakaa huko hadi Aprili 1862. Januari 10, 1862, Speke aliondoka kwenda Buganda, na Bombay akaondoka naye. Siku chache baadaye wakauvuka Mto Kagera, ambao Speke aliuandika kwa jina la Kitangule.

Kwenye kingo za Nile

Katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, ambako Speke alifika Februari 19, 1862, mambo hayakuwa mepesi kama Karagwe. Bombay alikuwa mtu wa kwenda na kurudi, akipeleka maombi ya ruhusa, zawadi na malalamiko, na wakati mwingine akikaa siku nzima getini bila kupokelewa. Miezi minne na zaidi ilipita kabla ya ruhusa ya kuondoka kupatikana.

Julai 21, 1862, mahali paitwapo Urondogani, waliuona Mto Nile. Speke, ambaye ndoto yake ya miaka mingi ilikuwa inatimia, alimwambia Bombay kwamba inampasa anyoe nywele na kuoga katika mto huo mtakatifu, ambao Nabii Musa alilazwa majini mwake akiwa mchanga. Bombay hakuoga. Alimweleza bwana wake kwamba wao hawayatazami mambo hayo kwa macho ya namna hiyo, kwamba wanaridhika na maisha ya kila siku, na kwamba yakienda vizuri ni mapenzi ya Mungu, yakienda vibaya pia ni mapenzi ya Mungu. Speke aliliandika jibu hilo kama kichekesho. Lakini mtu aliyechukuliwa kijijini kwao akiwa na miaka 12 alikuwa na sababu zake za kutoona maajabu katika maji yanayotoka ziwani.

Siku saba baadaye, Julai 28, Speke aliyaona maporomoko ambayo aliyaita Ripon, karibu na Jinja ya leo. Safari ikaendelea hadi Bunyoro, na kutoka huko Bombay alitumwa mbele kaskazini kutafuta habari za mashua. Alirudi mwanzoni mwa Novemba 1862 akiwa amevaa nguo za pamba alizopewa kwenye kituo cha watu wa kaskazini. Nguo hizo ndizo zilizokuwa uthibitisho kwamba njia ipo.

Ni katika safari hiyohiyo ambapo Speke, katika ugomvi mmoja kambini, alimpiga Bombay kwa ngumi mbele ya watu wake. Speke mwenyewe alikiri kwamba alijishusha heshima kwa kumpiga mtu kwa mkono wake, ingawa alidai kuwa asingefanya hivyo angepoteza amri. Stanley, aliyekutana na Bombay miaka kadhaa baadaye, aliandika kwamba pengo la meno ya mbele katika kinywa chake lilitokana na ngumi ya Speke. Yote mawili yanapaswa kusomwa pamoja. Mwanamume huyo alipigwa, na baada ya kupigwa ndiye aliyetumwa, ndiye aliyeaminiwa, na ndiye aliyewafikisha.

Februari 15, 1863 walifika Gondokoro, katika Sudan Kusini ya leo. Kati ya watu zaidi ya 150 walioanza safari kule pwani, waliobaki hadi mwisho walikuwa chini ya 20. Walishuka kwa mto hadi Cairo, wakapigwa picha, wakapelekwa kwenye maonyesho ya muziki. Speke aliwaandikia hati ya malipo ya miaka mitatu, akaagiza wanunuliwe shamba Zanzibar, na kila mmoja apewe dola 10 za mahari pindi atakapopata mchumba. Bombay aliteuliwa kuwa mkuu wa kundi hilo katika safari ya kurudi nyumbani, ambayo ilipita Suez, Aden, Mauritius na Shelisheli kabla ya kufika Zanzibar.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Bombay medali ya fedha, na wenzake wakapewa za shaba. Speke aliwekewa mnara wa mawe katika bustani ya Kensington jijini London, na ghuba ya Ziwa Victoria iliyo karibu na Mwanza inaitwa kwa jina lake hadi leo.

Kurudi kazini

Miaka michache baadaye, Januari 1871, mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, alifika Zanzibar akitafuta watu wa kumpeleka kwa David Livingstone. Alikuwa amesoma vitabu vya Burton na Speke, na aliulizia watu waliotajwa humo. Bombay alikuwa Pemba. Alipopelekewa habari alikuja, akifuatana na wenzake wa zamani.

Mkataba wake ulikuwa dola 80 kwa mwaka, nusu yake ikilipwa kabla, pamoja na bunduki, bastola, kisu na shoka. Wenzake walikubaliana kwa nusu ya fedha hizo. Kwa maneno mengine, soko lilikuwa limemwekea bei, na bei hiyo ilikuwa ya mtu mwenye jina.

Stanley alikuwa bwana mkali kupita wote. Malalamiko yake juu ya Bombay ni marefu: alipoteza vifaa, alichelewa, alikuwa mlegevu kwa watu wake. Septemba 1871, msafara ulipokuwa uondoke Tabora, Bombay alikawia akimuaga mwanamke wake kwa machozi, na Stanley akamchapa fimbo. Wiki chache baadaye, karibu na Mto Gombe, watu walichoka na karibu waasi, bunduki zikainuliwa. Bombay alikuwa miongoni mwa walioshutumiwa. Pamoja na hayo, mwishoni mwa mwaka huo msafara uliingia Ujiji ukipiga bunduki kama ule wa Bweranyange, na Stanley akamkuta Livingstone.

Ni rahisi kusoma malalamiko hayo na kumwona Bombay kama mtu aliyechakaa. Ikumbukwe kwamba wote walioandika habari zake walikuwa waajiri wake. Mkuu wa msafara alisimama kati ya mzungu aliyetaka kutembea haraka na wapagazi waliotaka kula, kulala na kurudi kwao wakiwa hai. Akiwabana sana walitoroka, akiwaachia alipigwa. Bombay mara nyingi aliwaachia.

Kutoka bahari hadi bahari

Mkataba wa mwisho ulikuwa mrefu kuliko yote. Mwaka 1873, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Verney Lovett Cameron, alimchukua Bombay kuongoza msafara wa kumpelekea Livingstone misaada. Wakiwa Tabora, Oktoba mwaka huo, walikutana na habari zilizoletwa na Susi na Chuma: Livingstone alikuwa amefariki Mei 1, 1873, na mwili wake ulikuwa njiani kwenda pwani.

Wenzake Cameron waliachia hapo. Cameron akaamua kwenda mbele. Walizunguka sehemu ya kusini ya Ziwa Tanganyika, wakauona Mto Lukuga unaotoa maji yake kuelekea Congo, na Agosti 1874 wakafika Nyangwe, soko kubwa kwenye Mto Lualaba. Walipokosa mitumbwi ya kufuata mto, walielekea kusini magharibi.

Katika sehemu hii ya safari Cameron alilazimika kufuatana na msafara wa José Antonio Alvez, mfanyabiashara wa watumwa kutoka upande wa Angola. Mwenzake Alvez, aliyeitwa Coimbra, alirudi kutoka uvamizini na wanawake 52 waliofungwa kamba, baadhi wakiwa wamebeba watoto. Cameron aliandika kwa uchungu juu ya vijiji vilivyochomwa ili kuwapata wanawake hao. Alipoandika, hakumtaja mkuu wake wa msafara katika habari hiyo. Bombay alikuwa na umri wa miaka 55 hivi, na alikuwa akitembea, kwa mshahara, nyuma ya kamba ileile aliyofungwa utotoni.

Novemba 1875, wakiwa wamedhoofika kwa njaa, walifika katika pwani ya Bahari ya Atlantiki karibu na Benguela. Cameron akahesabiwa kuwa Mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya Ikweta kutoka mashariki hadi magharibi. Bombay alikuwa ameifanya safari hiyohiyo, hatua kwa hatua, na kabla yake alikuwa amekwishafanya ile ya kutoka Bagamoyo hadi Cairo. Safari zake zote za miguu zinakadiriwa kufikia kilomita 9,600.

Yeye na wenzake walirudishwa Zanzibar kwa njia ya bahari, wakipita ncha ya kusini ya bara. Mwaka 1876, chama kilekile cha London, ambacho Cameron alikipokea medali yake ya dhahabu, kiliamua kumlipa Bombay pensheni ndogo ya maisha. Hakuingia tena mkataba wa safari ndefu.

Mwaka 1990 Hollywood ilitengeneza filamu ya Mountains of the Moon juu ya ugomvi wa Burton na Speke, ambamo nafasi ya Bombay iliigizwa na Mkenya Paul Onsongo. Huko London, chama kilichompa medali kilimweka miongoni mwa watu waliokumbukwa katika maonyesho ya mwaka 2009 yaliyohusu Waafrika na Waasia waliofanikisha safari za wavumbuzi wa Ulaya.

Bombay alifariki dunia mwaka 1885, akiwa na umri unaokadiriwa kuwa miaka 65. Februari ya mwaka huohuo, Kaiser Wilhelm wa Kwanza wa Ujerumani alikuwa ametia saini hati ya kuweka chini ya ulinzi wake nchi za Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, ambazo njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilizipitia.